Unga wa Bibi na Piramidi Iliyoporomoka

Bibi yangu alikuwa na ugomvi na Firauni. Si ugomvi wa vitabuni, wa moyoni kabisa, kama alionao mtu na jirani aliyelisha mbuzi kwenye mbaazi zake. Tangu madrasa ya utotoni, huko Nkowe, alifundishwa kwamba Firauni alijifanya Mungu, akazamishwa baharini, na mwili wake ukabakizwa uwe funzo kwa waliokuja nyuma. Akamshikilia hapohapo. Siku alipojua kwamba mimi, mjukuu wake, nalipwa mshahara kufundisha watoto wa Nachingwea habari za majengo ya Firauni, alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaniuliza kama na Iblisi naye tumemtengea kipindi.

Mimi ni mwalimu wa historia, na nasema wazi kwamba nina ugonjwa wa piramidi. Wanafunzi wangu wanalijua hilo, na wamenipachika jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Tukifika Misri ya kale situlii. Natembea darasani mikono ikiwa hewani, napanga mawe ambayo hayapo. Kinachonisumbua wala si ukubwa, maana ukubwa kila mtu anauona kwenye picha. Kinachonisumbua ni umbo. Watu walioweza kukata mawe, kuyavusha mto na kuyapandisha juu bila mashine yoyote, wangeweza kujenga chochote walichotaka. Kwa nini wachague chini pana na juu ncha?

Vitabu vina majibu yake. Vinasema Wamisri waliamini dunia ilianza ikiwa maji matupu, kisha ndani ya maji kikachomoza kichuguu cha udongo, na uhai ukaanzia pale. Wengine wanasema ni miale ya jua inaposhuka kupitia mawingu, kwamba mfalme akizikwa mle atapanda kwa njia hiyo kwenda kwa jua. Sawa, nayafundisha yote mawili. Lakini mimi ni mtu wa hukuhuku, na msimu wa ufuta nikipita ghalani naona magunia yakimwagwa na lundo likijipandisha lenyewe, pana chini, ncha juu, bila fundi. Mchana mmoja nikachukua sinia, nikamimina ufuta, halafu mchele, halafu mchanga mkavu, halafu unga. Kila kimoja kiliporomoka kikafika mahali kikagoma. Ufuta ulitanuka kivivu. Unga ulisimama wima kidogo. Mume wangu alipita akaniuliza kwa upole kama leo tutakula au tunachezea chakula tu. Nilikuwa nawaza kama wale watu wa Misri nao walianza kwa kutazama kitu kikimwagika.

Basi, nilitaka kusema habari za macho ya Bibi.

Bibi alikuwa haoni. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwenyewe alilaumu salfa tunayopulizia mikorosho, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Ilianza kama ukungu, ikaendelea mwaka hadi mwaka, mpaka akabaki anatofautisha mwanga na kivuli basi. Alijua mlango uko wazi au umefungwa. Sisi alitutambua kwa nyayo na sauti. Alitwanga, alichambua mboga, alijua kila chungu kilipo, na ukithubutu kumshika mkono kumwongoza alikutoa nishai mbele za watu.

Mwezi wa saba likatoka tangazo kwamba madaktari wa macho watakuja hospitali ya Nachingwea kwa muda wa wiki moja, na wazee wenye mtoto wa jicho watafanyiwa upasuaji. Nikampigia simu mjomba wangu. Huyu ndiye mtoto wa kiume pekee aliyebaki kwa Bibi, anafundisha madrasa palepale Nkowe, na anakaa na mama yake. Kwetu sisi neno la mjomba ni zito. La mama yake mjomba ni zito zaidi. Jioni alinipigia akaniambia Bibi amekataa katakata.

Sababu niliijua, ila hakuna aliyependa kuitaja. Dada yake mkubwa Bibi aliingia hospitali kwa miguu yake, miaka ya nyuma, akarudishwa amefunikwa shuka. Ugonjwa wake ulikuwa mwingine kabisa, lakini Bibi hakuwa na habari na ugonjwa. Kwake yeye kulikuwa na mlango ambao watu wa kwao wakiingia hawatoki. Alisema atakwenda tu kama mama yake mzazi, aliyezikwa zamani Likunja, akimruhusu.

Na kumuuliza marehemu mama yake kulikuwa na njia yake. Bibi ni Myao, na wazee wake walipotaka kusafiri safari ya mashaka walimimina unga wa mtama chini, polepole, kwa ncha za vidole, huku wakiwataja wazee waliotangulia. Unga ukikubali, unapanda unakuwa kichuguu chenye ncha. Unafunikwa chungu, unaachwa mpaka asubuhi. Ukiukuta umesimama vilevile, unakwenda. Ukiukuta umeporomoka, unabaki nyumbani.

Mjomba hakutaka hata kusikia. Alisema hiyo ni shirki, kwamba anayeombwa ni Mungu peke yake, na kwamba yeye kama mwalimu wa madrasa hawezi kukaa nyumba moja na mambo hayo. Bibi akamjibu kwamba basi alale msikitini. Mimi kwenye simu nikabana kicheko, maana hali haikuwa ya kuchekesha hata kidogo. Wiki ile ikipita, Bibi angebaki gizani maisha yake yote. Nikaomba ruhusa shuleni, nikapanda basi mpaka Ruangwa, kisha bodaboda mpaka Nkowe.

Nilimkuta uwani anapepeta. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasema, "Mke mwenzangu, umekuja kunichukua kwa nguvu?" Ndivyo alivyoniita siku zote, utani wa bibi na mjukuu, eti tulimgombania babu. Nikamwambia sina nguvu hizo, nimekuja kushinda naye. Akasogea, akanipa nafasi kwenye mkeka, akataka habari. Na kwa kuwa hatukutaka kuanza na macho, tukaanza na Firauni.

Nilimweleza kwamba waliojenga piramidi zile kubwa si Firauni yule wa baharini. Firauni ni cheo, kama kusema mfalme. Wale wa piramidi walitangulia mbali sana, wanahistoria wanaona ni zaidi ya miaka elfu moja kabla. Bibi aliacha kupepeta. Alisema kumbe ametumia umri wake wote kumsema mtu ambaye hakumkosea. Nikamwambia pengine walikuwa na makosa mengine. Akasema hayo watajuana wao na Mola wao, ila hilo la bahari anamfutia.

Kisha akaanza kunihoji. Mwili waliufanyaje usioze? Nikamwambia walitoa vya ndani, wakaukausha kwa magadi, wakauviringisha vitambaa, maana waliamini mtu akifa safari inaendelea na atauhitaji mwili wake. Chakula je? Walimwekea. Na jahazi? Nalo, mmoja alizikiwa jahazi zima la mbao jirani na piramidi yake. Bibi akaguna. Alisema safari ndefu hiyo kwa mtu aliyelala.

Halafu akauliza swali ambalo mimi na digrii yangu sikuwahi kujiuliza. Nani aliwapikia wale wajenzi? Nilikuwa nimefundisha miaka kadhaa kwamba walijenga watumwa kwa mijeledi, na mtumwa wa mijeledi huwazi habari ya chakula chake. Nikatoa simu, nikasogea kwenye kona ya ua ambako mtandao unapatikana, nikasoma nimesimama. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta kijiji cha wajenzi pembeni ya piramidi. Wamekuta majiko ya mikate, mifupa ya ng'ombe na mbuzi, sehemu za kulala. Wamekuta na makaburi ya wajenzi wenyewe, yamejengwa vizuri, wengine na mifupa iliyovunjika ikatibiwa ikaunga. Mtumwa wa kutupwa hazikwi kwa heshima ubavuni mwa mfalme.

Nikarudi nikamsomea. Mjomba alikuwa ameingia, amekaa kwenye kigoda anajifanya anarekebisha kandambili, lakini sikio lilikuwa kwetu. Bibi akasema hao wapishi na hao wabebaji ndio wa kuombewa dua, mfalme ana jengo lake linamtosha. Mjomba akaitikia amina kabla hajakumbuka kwamba amenuna.

Jioni ile, jua likiwa bado lipo, Bibi akaomba unga. Mjomba akaondoka kwenda msikitini mapema kuliko kawaida. Bibi alichagua mahali nyuma ya jiko, kwenye ardhi tupu, akapiga magoti. Nilitaka kumwelekeza, akanisukuma. Akachota unga wa mtama akaanza kuuachia kwa ncha za vidole, kidogo kidogo, akisema Kiyao cha ndani ambacho mimi nakisikia nusu tu. Nilisikia akimwita mama yake. Nilisikia akisema macho. Nilisikia akisema, kwa sauti ya mtoto kabisa, kwamba anaogopa.

Mimi sikuwa namtazama Bibi tena, natazama unga. Ulipanda. Ulijipanga pande zote sawasawa, ukaporomoka kidogo, ukajipanga tena, ukatoa ncha. Ilikuwa piramidi, jamani, ndogo ya kuingia kiganjani, imejengwa na mtu asiyeona. Nilijisikia nimesimama karibu sana na swali langu, kwamba pengine binadamu popote alipo, akitaka kumfikia aliyekufa, anakusanya kitu chini na kukiinua mpaka kiwe ncha. Bibi aliufunika chungu kwa mikono miwili.

Asubuhi kulikuwa na baridi kali ya mwezi wa saba. Tulikwenda nyuma ya jiko, Bibi mbele, mimi nyuma yake, na mjomba akatokea na mswaki mdomoni akasimama mbali kidogo kama mtu anayepita tu. Bibi akaniambia nifunue, nimwambie ninachokiona. Nikafunua.

Unga ulikuwa umeporomoka. Ubavu wa upande wa jiko ulikuwa umeteremka wote, ncha imekatika, kumebaki kilima kilichomeguka. Nikainua uso nikakutana na macho ya mjomba. Naye aliona. Mjomba wangu, mwalimu wa madrasa, aliyesema unga ule ni shirki, alinyoosha mkono wake juu, akausimamisha wima, akatikisa kichwa kwa nguvu: sema umesimama.

Nilielewa. Ingekuwa neno moja tu. Bibi asingejua, na mchana ule tungekuwa njiani kwenda Nachingwea. Lakini alikuwa amesimama pale, shingo ameinyoosha, ameazima macho yangu kwa sababu hana yake, na mimi ningeyatumia kumdanganya. Na tena, niseme kweli yote, nilikuwa na hamu ya kujua angefanya nini. Nikamwambia.

"Umeporomoka, Bibi. Upande wa jiko."

Aliinama, akapapasa mpaka akaugusa, akaufuata kwa kidole pale ulipomeguka. Kisha akasimama, akajifuta mikono kwenye kanga, akasema basi, haendi.

Mjomba alinifokea vibaya sana siku ile, kule mbele ya nyumba ambako alidhani Bibi hasikii. Aliniuliza elimu yangu inanisaidia nini kama nimeshindwa kumwokoa mama yake kwa neno moja. Nami nikapandwa na hasira, nikamuuliza tangu lini yeye anaogopa unga. Akasema haogopi unga, anaogopa kwamba mama yake atakufa hajaona tena jua, na kwamba kila asubuhi anamsikia anapapasa ukuta na yeye hana la kufanya. Alilisema hilo akiwa ametazama pembeni. Hasira zangu zikaisha.

Mchana nilikaa na Bibi tukichambua kisamvu. Hakununa wala hakulia, alikuwa kimya tu, na kimya cha Bibi kilikuwa kitu kigeni mno. Nikasema ninachokijua. Nikamwambia kuna piramidi iliyoporomoka.

Mikono yake ikasimama. Nikaendelea. Wengi wanaona zile tatu za mji wa Giza na kudhani Wamisri waliamka siku moja wakajua. Hawakujua. Kulikuwa na mfalme mmoja kabla ya hizo. Piramidi yake ya kwanza ilijengwa wima mno, kuta za nje zikateremka, mpaka leo imebaki kama mnara umesimama katikati ya kifusi chake. Wasomi wanabishana iliporomoka lini, wakati wa ujenzi au baadaye sana. Akaanzisha ya pili mahali pengine. Hiyo nayo, walipofika katikati, ikaanza kupata nyufa, ardhi chini yake haikuwa imara. Hawakuibomoa. Waliilaza, wakapunguza mwinuko hapohapo katikati, na ukiitazama leo imepinda mabega. Kisha mfalme huyohuyo, amezeeka, akaanza ya tatu. Wakatafuta ardhi nzuri, wakaanza chini kwa upana, wakailaza tangu mwanzo. Hiyo imesimama mpaka kesho. Na mwanawe ndiye aliyejenga ile kubwa kuliko zote. Nikamwambia Bibi kwamba kwangu mimi maana ya piramidi ni hiyo kuliko dhahabu zote, kwamba pale tunaona watu wanakosea kwa mawe mazito namna ile, mbele ya nchi nzima, na wanaanza tena.

Bibi aliweka kisamvu chini. "Ilipoporomoka, hawakusema wazee wamekataa?"

Nikamwambia sijui walisema nini. Ninachojua ni kwamba walitazama chini, wakaona ardhi.

Akauliza wapi pale nyuma ya jiko paliteremka. Nikamwambia ubavu wa jikoni, pale maji ya kuoshea vyombo yanapopita kila siku. Akanuna kidogo, akasema mimi na Firauni wangu tunamtia mama yake maneno mdomoni. Kisha akaniambia kwamba mama yake, alipokuwa hai, ukimuuliza jambo mara moja alikuwa hajibu, alisubiri uulize tena ndipo ajue una shida kweli. Akataka unga.

Ndipo mjomba akapita mbele yetu na jembe. Hakumtazama mtu. Akaenda nyuma ya jiko, tukamsikia anakwangua. Nilipofika na Bibi nilimkuta amepiga magoti, amesogea mbali na njia ya maji, anasawazisha ardhi kwa kiganja, anaipigapiga, anaondoa kijiwe kimoja kimoja. Alikuwa anatokwa jasho katika baridi. Bibi alimtambua kwa pumzi.

"Mimi siamini haya, mama," mjomba akasema. "Natengeneza tu mahali utakapokaa."

Bibi akaweka mkono begani kwake akajishikilia, akashuka, akapiga magoti pale alipomtengenezea. Safari hii alianza kwa upana. Aliuzungusha unga kwanza, mduara mkubwa, kisha ndipo akaanza kuupandisha. Mjomba hakuondoka. Alikaa ameshika chungu, midomo yake inacheza, na alikuwa anasoma dua zake mwenyewe.

Asubuhi sikufunua mimi. Bibi alimwambia mwanawe afunue. Akafunua, akatazama, akasema upo, mama, umesimama. Bibi hakugusa. Aliingia ndani kutafuta kanga ya safari.

Tulifika Nachingwea siku hiyohiyo, na kesho yake wakamwingiza. Jicho moja kwanza, walisema. Sitasimulia kusubiri, kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali anakujua. Mjomba alikaa na tasbihi, akisimama kila mlango ulipofunguliwa. Bibi alitoka kwa miguu yake, kitambaa jichoni, akilalamika njaa. Mjomba alitoka nje kabisa ya jengo, akaegemea ukuta, akalia kwa sauti bila kujali nani anamwona.

Siku ya pili muuguzi alikuja kufungua kitambaa. Tulisimama miguuni pa kitanda, mimi na mjomba. Bibi alipepesa, jicho likatoa machozi, akalifumba, akalifumbua. Alitazama dirisha. Alitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza upande wa pili, akaitazama tena. Kisha akatutazama sisi. Mimi alinipitia haraka. Kwa mjomba alisimama.

Alimtazama muda mrefu, kuanzia kichwani mpaka miguuni, mgongo wake, mashavu yake yaliyoingia, ndevu zake zote nyeupe. Mjomba akatabasamu, akamwambia ni mimi mama. Bibi hakutabasamu. Aligeuka akaniuliza mimi, polepole, kama mtu anayedai haki yake.

"Mbona hamkuniambia kwamba mwanangu amekuwa mzee?"

Akanyoosha mkono, akamwita mjomba akae karibu naye kitandani, naye akaja akakaa.